LUGHA YA ALAMA: TUZUNGUMZE NA NANI?

Wanafunzi wa Chama cha Lugha ya Alama cha shule yetu wameniuliza swali moja mara nyingi muhula huu, nami nimeona vema niwajibu wote pamoja katika gazeti letu, ili walimu wenzangu na wazazi nao walisome. Swali lenyewe ni hili: "Mwalimu, herufi za vidole tumezijua, na alama kama mia hivi tumezishika. Sasa tuzungumze na nani?"

Swali hili ni jema, maana muulizaji amekwisha kutambua ya kwamba lugha haikai kwenye karatasi. Ajifunzaye Kifaransa aweza kusoma kitabu chumbani peke yake, na baada ya miezi akaandika barua. Lakini Lugha ya Alama ni mikono, uso na macho ya watu wanaotazamana. Asiye na mtu wa kutazamana naye anabaki na orodha ya alama tu, na orodha husahaulika upesi.

Tena jambo hili si mchezo wa kupitisha wakati wa vyama. Katika Kidato cha Kwanza mwaka huu tunao wanafunzi wawili viziwi. Darasani wamewekwa mbele, husoma ubaoni, na daftari zao ni safi. Lakini nimewatazama wakati wa mapumziko. Watu mamia wanapiga soga uwanjani, na wale wawili wanazungumza wao kwa wao, muhula mzima, kana kwamba wamo kisiwani. Mstarini tangazo likitolewa, hutazama wenzao wanakwenda wapi, kisha hufuata. Basi ajifunzaye Lugha ya Alama katika shule hii hajifunzi kwa ajili ya cheti, maana wako watu wanaomngoja.

I. LUGHA HII NI LUGHA GANI

Kabla ya kutafuta wa kuzungumza naye, yafaa tuondoe mawazo mawili yasiyo sahihi.

Wazo la kwanza ni kwamba Lugha ya Alama ni Kiswahili kilichotiwa mikononi. Sivyo. Ina sarufi yake na mpangilio wake. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu katika chuo cha viziwi cha Gallaudet mjini Washington, Marekani, alitoa maandishi yaliyoonyesha ya kwamba kila alama imejengwa kwa viungo vidogo, kama neno lilivyojengwa kwa sauti. Viungo hivyo ni umbo la mkono, mahali mkono unapowekwa, na mwendo wake. Ukibadili kimoja tu, alama yaweza kuwa nyingine kabisa, kama vile "paka" na "taka" zinavyotofautiana kwa sauti moja. Wataalamu waliomfuata waliongeza upande kiganja kinakoelekea, na kazi ya uso. Katika lugha nyingi za alama nyusi zikiinuliwa huonyesha swali linalotaka jibu la ndiyo au siyo, na zikikunjwa huonyesha swali la nani, wapi au kwa nini. Kwa hiyo mwenye mikono mizuri na uso uliokufa ni kama msemaji anayetamka maneno bila kumaliza sentensi.

Wazo la pili ni kwamba lugha hii ni moja duniani. Waingereza na Wamarekani wanaosikia wote husema Kiingereza, lakini viziwi wao hawaelewani kwa alama. Waingereza hutahajia herufi kwa mikono miwili, na Wamarekani kwa mkono mmoja. Sisi tuna Lugha ya Alama ya Tanzania. Wakenya wana yao, nao mara nyingi huiita lugha ya ishara, na Katiba yao ya mwaka 2010 imeifanya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Waganda wana yao, na Katiba yao ya mwaka 1995 imeagiza iendelezwe. Kwa sababu hiyo mwanafunzi anayejifunza kwa picha za video kutoka Marekani asishangae akikutana na kiziwi wa hapa wilayani na kuulizwa, "Hii ni lugha ya wapi?"

Hata ndani ya nchi yetu alama hazifanani kila mahali. Shule ya kwanza ya viziwi katika Tanzania ilianzishwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Shule ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974, kisha zikaja nyingine sehemu mbalimbali za nchi. Watoto walitoka mbali wakaishi pamoja bwenini, na kila shule ikakuza alama zake. Ndiyo maana watu wawili waliosoma shule mbali mbali waweza kuwa na alama mbili za kitu kile kile. Ukiona hivyo usiseme mmoja amekosea. Mtu wa Unguja husema "skuli" na mtu wa bara husema "shule", na wote huenda kusoma.

II. KWA NINI KARATASI NA KIOO HAVITOSHI

Karatasi yenye picha huonyesha mkono uliosimama, na mshale mdogo wa kuonyesha mwendo. Yatosha kwa kuanzia, na haitoshi zaidi ya hapo. Mkono wako unauona kwa nyuma, na mkono wa mwenzako utauona kwa mbele. Hizo ni kazi mbili, na ya pili ndiyo ngumu. Wengi wetu twaweza kutahajia jina letu kwa vidole bila kusita, lakini mwenye lugha akitutahajia jina lake kwa kasi yake ya kila siku, twaona vidole vikipita kama spoku za baiskeli.

Kioo nacho kina faida yake, maana hukuonyesha uso wako. Lakini kioo hakikuulizi swali usilolitazamia. Mkalimani wa taarifa ya habari katika televisheni ni mwalimu mzuri wa macho, nami nawashauri mumtazame mara kwa mara huku sauti imezimwa. Ila hakungojei, wala hajui kama umeelewa.

Na je, wanafunzi wawili wanaosikia wakifanya mazoezi pamoja? Yafaa, nami nitaeleza namna. Lakini hao wana mlango wa nyuma. Wakikwama kidogo tu, hufungua vinywa na kusema Kiswahili. Tena huweza kukubaliana juu ya alama isiyokuwapo, wakaitumia muhula mzima, hata siku wakutane na kiziwi wakajikuta wana lugha ya watu wawili tu.

III. MABWANA WAWILI MELINI

Historia ina mfano mzuri wa watu wawili waliotafuta wa kufanya naye mazoezi wakapatana.

Katika miaka ya 1760 padre mmoja wa Paris, Abate de l'Épée, alianzisha shule ya watoto viziwi. Viziwi wa mji ule walikuwa na alama zao tangu zamani, naye alianza kwa kujifunza kwao. Miaka mingi baadaye, shule hiyo ilimlea Laurent Clerc, kiziwi tangu utoto, ambaye baada ya kumaliza masomo alikuwa mwalimu hapo hapo. Mwaka 1816 akaja Mmarekani mmoja anayesikia, Thomas Gallaudet, kutafuta namna ya kufundisha viziwi wa nchi yake. Alijifunza muda mfupi, kisha akamwomba Clerc wafuatane.

Walipanda meli mwezi Juni, wakafika New York mwezi Agosti, safari ya siku 52. Katika siku hizo Clerc alimfundisha Gallaudet alama, na Gallaudet akamfundisha Clerc Kiingereza. Kila mmoja alikuwa mwalimu, tena mwanafunzi. Tarehe 15 Aprili 1817 shule yao ilifunguliwa mjini Hartford, na lugha iliyokua humo, kwa kuchanganyika alama za Clerc na za watoto wenyewe, ndiyo mama wa Lugha ya Alama ya Marekani ya leo. Ndiyo maana lugha hiyo ina undugu na ya Ufaransa kuliko ya Uingereza.

Angalieni mambo matatu katika habari hii. Walikuwa na muda wa kutosha pamoja. Walikuwa na kazi moja waliyoipenda wote wawili. Na kila mmoja alimpa mwenzake kitu. Hayo matatu ndiyo nitakayoyarudia mpaka mwisho wa somo hili.

Iko na habari ya upande wa pili. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, na karibu wajumbe wote walikuwa watu wanaosikia. Wakaamua ya kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kusema kwa mdomo, si kwa alama. Katika shule nyingi za Ulaya na Marekani alama zikakatazwa darasani, na watoto wengine walipigwa mikono. Mkutano wa namna ile ile uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 2010, ulikataa maamuzi hayo na kusikitikia madhara yake. Lakini katika miaka yote ile lugha haikufa. Ilikaa bwenini usiku, uwanjani, na katika vilabu vya viziwi wazima. Basi atakaye kuitafuta aende huko walipo wenyewe, wanapokutana kwa mambo yao.

IV. MAHALI PA KUWAPATA

Sasa nawajibu waulizaji wangu hasa.

Kwanza, karibu nawe. Katika kila kata hapakosi mtu kiziwi: mshonaji, seremala, mama auzaye mboga, kijana wa gereji. Mwenyekiti wa mtaa huwajua watu wake, muulize. Mimi mwenyewe nilianza kwa fundi cherehani mmoja karibu na soko. Nilimwandikia kwenye karatasi: "Nataka kujifunza lugha yako. Je, una nafasi?" Akaisoma, akanitazama toka juu hata chini, akaandika chini yake: "Jumamosi. Njoo na kiti chako." Tangu siku hiyo nilikwenda kila Jumamosi alasiri kwa muda wa saa moja, kwa miaka miwili.

Pili, shule za viziwi na vitengo vya viziwi vilivyomo katika baadhi ya shule za msingi. Hapa usiende kama mpita njia. Mwombe mwalimu wetu mkuu aandike barua kwa mwalimu mkuu wa kule, mkiwa na jambo la kufanya pamoja, kama mechi ya mpira, upandaji wa miti au mashindano ya kuchora. Watoto viziwi si maonyesho ya kutazamwa.

Tatu, Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA, kilichoanzishwa katika miaka ya 1980, nacho huongozwa na viziwi wenyewe. Mwenye kwenda mjini mkubwa aulize ofisi yake. Huko atakuta watu wazima wenye lugha iliyokomaa, na ataambiwa ni nani anayefundisha.

Nne, nyumba za ibada. Yako makanisa yenye ibada inayotafsiriwa kwa alama, na iko misikiti ambayo hotuba yake hutafsiriwa. Baada ya ibada watu husimama nje wakizungumza, na pale pana mazungumzo ya kweli, habari za mvua, bei za vitu, mgonjwa fulani anaendeleaje.

Tano, mwezi wa Septemba. Shirikisho la Viziwi Duniani lilianzishwa Roma tarehe 23 Septemba 1951, na kwa ukumbusho huo Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2018. Wiki ya mwisho ya Septemba ni wiki ya viziwi, nao hukutana kwa maandamano, michezo na mikutano. Nenda, hata ukisimama pembeni tu.

Sita, simu. Mwenye rafiki kiziwi aliye mbali aweza kuzungumza naye kwa simu ya picha, wakati wa likizo akiwa kwao. Simu iegemezwe mahali imara ili mikono yote miwili iwe huru, na taa iwe mbele yako, isiwe nyuma yako.

Mtu aweza kusema, "Mwalimu, mbona watafutwa mbali, na wawili tunao Kidato cha Kwanza?" Ni kweli, nao ndio wa kwanza kusalimiwa. Lakini wao wamekuja kusoma hisabati na sayansi kama ninyi. Wanachama hamsini wakiwazunguka kila mapumziko wakiuliza, "Hii ni nini? Na hii?", watakuwa wamepata kazi, hawajapata marafiki. Waendeeni kidogo kidogo, kwa jambo linalowafaa. Mwalimu akisema huku ameelekea ubaoni, wao hawaoni midomo yake wala hawana mkalimani: jirani amsogezee mwenzake daftari. Tangazo likitolewa mstarini, mmoja awaelezee papo hapo. Mkifanya haya kila siku, mtapata mazoezi mengi kuliko yale ya chama, nao watapata shule.

V. ADABU ZA MGENI

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ajifunzaye lugha ni mgeni, na kiziwi ndiye mwenyeji. Tazama basi mwenyeji wako atapona kwa kitu gani.

Yule fundi wangu alikuwa na wateja wengi waliopiga simu bila kujali kuwa yeye hasikii. Jumamosi zile mimi nilipokea simu hizo, nikamfasiria kwa alama chache nilizokuwa nazo na kwa karatasi, kisha nikawajibu. Katika kazi hiyo ndogo nilijifunza alama za kesho, keshokutwa, kitambaa, kubana, kupungua, deni, na "mwambie asinisumbue". Hakuna kitabu ambacho kingenifundisha hayo kwa mpangilio ule. Wewe waweza kumsaidia mtu kusoma barua ya ofisi, kumfuata zahanati, au kufanya naye hesabu za duka. Usipokuwa na kitu, cheza naye drafti. Mchezo ni zawadi pia.

Hizi ndizo adabu nyingine, na kila mmoja azishike:

1. Ukitaka kumwita, mguse bega polepole, au punga mkono pale anapoweza kuuona. Wengine hugonga meza au sakafu ili atambue mtikisiko, au huzima na kuwasha taa. Usimtupie kitu.

2. Mtazame usoni anapozungumza. Kuangalia pembeni ni sawasawa na kuziba masikio mbele ya msemaji.

3. Simama mahali penye mwanga. Anayesimama mbele ya dirisha hugeuka kivuli.

4. Usizungumze kwa mdomo na mwenzako mbele ya kiziwi kama kwamba hayupo. Ikibidi, mwambie mlisema nini.

5. Usitikise kichwa kuonyesha umeelewa nawe hujaelewa. Jifunze mapema alama za "rudia" na "polepole". Kuuliza si ujinga.

6. Usimtahajie kila neno. Mwanafunzi mpya hupenda vidole kwa sababu ndivyo alivyojua kwanza. Lakini herufi za vidole ni za majina na maneno yasiyo na alama. Kama hujui alama, onyesha kwa kidole, igiza, chora, naye atakupa.

7. Usimwite "bubu". Viziwi hawalipendi jina hilo, maana si kweli kwamba hawana lugha. Wao hujiita viziwi, nasi tuwaite hivyo.

8. Jina la alama hujipi mwenyewe. Wenyeji watakutazama, watazoea jambo fulani lililo lako, kisha watakupa jina. Likija, lipokee hata kama linahusu masikio yako makubwa.

9. Uandishi wake wa Kiswahili ukiwa na makosa, kumbuka ya kwamba Kiswahili kwake ni lugha ya pili ambayo hajapata kuisikia hata siku moja. Tazama nawe mikono yako inavyoonekana kwake.

10. Ukiahidi Jumamosi, njoo Jumamosi.

VI. MPANGO WA MUHULA MMOJA

Nimepanga kazi ya majuma kumi na mawili. Kila mwanachama awe na mwenyeji mmoja, au wanachama wawili wawe na mwenyeji mmoja, na si zaidi ya hapo.

Juma la 1 na la 2: kusalimia, kutaja jina, kwetu, na kazi. Nenda, salimu, kaa kidogo, aga. Usitafute mengi.

Juma la 3 mpaka la 5: mazungumzo ya robo saa juu ya jambo moja tu kila mara, kama chakula, safari au familia. Jiandae usiku uliotangulia kwa maswali matatu.

Juma la 6 mpaka la 8: fanyeni kazi au mchezo pamoja, mpira, kupika, kushona, bustani. Hapa usihesabu alama mpya, fanya kazi tu. Lugha itaingia yenyewe.

Juma la 9 mpaka la 11: mwombe mwenyeji akusimulie kisa. Kisha wewe umsimulie kisa kile kile naye akutengeneze. Zoezi hili ndilo bora kupita yote, maana hukuonyesha wazi ulichokiona na ulichokiacha.

Juma la 12: tuwaalike wenyeji wetu wote hapa shuleni, wao wawe waamuzi, tuwaonyeshe tulichojifunza kwao. Chai na maandazi vitatoka kwa wanachama.

Katikati ya majuma hayo, wanachama wanaosikia wakutane kila Jumatano kwa "muda bila sauti". Kwa nusu saa hakuna kufungua kinywa kwa sababu yo yote. Hiyo ndiyo dawa ya mlango wa nyuma niliousema. Alama ambayo hakuna anayeijua isitungwe. Iandikwe daftarini, ikaulizwe kwa mwenyeji. Daftari liwe na safu nne: tarehe, nilizungumza na nani, alama mpya nilizozichora, na mambo nisiyoyaelewa. Safu ya nne ndiyo ya thamani.

VII. NENO KWA WAZAZI

Watoto viziwi walio wengi sana huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kwa hiyo mzazi naye ni mwanafunzi wa lugha hii, tena mwanafunzi mwenye haraka kuliko wetu, kwa kuwa mtoto hangoji. Akili ya mtoto hujengwa kwa lugha tangu miaka ya mwanzo, na asiyepata lugha mapema hupata shida ya kujifunza mambo mengine yote baadaye.

Mtoto wa dada yangu ni kiziwi. Alipelekwa shule ya bweni ya viziwi akiwa na miaka minane, na kila Desemba alirudi nyumbani na lugha ambayo nyumba nzima hawakuijua. Jioni watu walikaa kula, mtu akasema neno, wote wakacheka, naye akatazama uso huu na uso huu. Akiuliza kwa mkono, "Nini?", aliambiwa, "Baadaye." Baadaye haikufika. Likizo moja aliugua. Aliweza kuonyesha tumbo, lakini hakuna aliyeweza kumwuliza tangu lini, wala umekula nini, wala inauma vipi. Dada yangu alimpeleka zahanati akiwa na mtoto mwenye majibu yote na asiye na wa kumwuliza.

Alipopona, nyumba ile iliweka kanuni mbili. Ya kwanza: kila jioni, kwa nusu saa kabla ya chakula, mtoto ndiye mwalimu, na wote hukaa mbele yake, hata bibi. Ya pili: anayecheka mezani lazima amweleze mtoto kilichomchekesha, hata kama itachukua dakika kumi na chakula kipoe. Kanuni ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, nayo ndiyo iliyofundisha zaidi. Bibi leo ana alama zisizopungua arobaini, nyingi za jikoni, na hupenda kumkaripia mjukuu kwa alama akiwa ng'ambo ya ua bila kuinua sauti. Mtoto humjibu kwa alama vile vile, na wakati mwingine bibi hukasirika kwa kuwa ameelewa.

Wazazi wenye watoto viziwi wilayani mwetu, njooni kwenye chama chetu Jumatano. Njooni na watoto. Hatuna walimu wengi, lakini mkikutana ninyi wenyewe, watoto wenu watapata wa kuzungumza nao, nanyi mtapata wa kuwauliza.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Taja viungo vitatu vya alama alivyovionyesha Stokoe mwaka 1960. Ni viungo gani viwili vilivyoongezwa baadaye?

2. Kwa nini Lugha ya Alama ya Marekani ina undugu na ya Ufaransa, na si ya Uingereza?

3. Clerc alipata nini kwa Gallaudet, na Gallaudet alipata nini kwa Clerc? Wewe utampa nini mwenyeji wako?

4. Eleza kwa nini wanafunzi wawili wanaosikia hawatoshi kuwa walimu wa kila mmoja.

5. Juma hili, tafuta jina la mtu mmoja kiziwi anayeishi katika mtaa wenu. Andika anafanya kazi gani, na ni nani mtaani anayejua kuzungumza naye. Kama hakuna hata mmoja, andika hivyo pia, kisha ulete karatasi yako kwangu kabla ya Ijumaa, tupange siku ya kwenda kumsalimu.